Kuzisanifu Huduma za Serikali Pamoja na Wanaozitumia

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakuu wa vitengo, makarani wa masjala na masheha. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa taarifa ya watumishi wa Serikali na wananchi wote.

Nitazungumza juu ya jambo ambalo baadhi yetu tumekuwa tukilifanya bila ya kulipa jina, na wengine tumekuwa tukiliacha bila ya kujua kwamba tumeliacha. Jambo lenyewe ni kusanifu huduma za Serikali, na kuzisanifu pamoja na watu wanaozitumia.

Neno kusanifu tumelizoea katika majengo. Hakuna kati yetu atakayeruhusu skuli ijengwe bila ya ramani, wala daraja liwekwe bila ya mtu kwenda kuutazama mto. Lakini huduma zetu nyingi hazikuwahi kuchorewa ramani yoyote. Zimekua kama nyumba inayoongezwa chumba kila mwana anapooa. Fomu ilichapwa wakati mmoja, mhuri ukaongezwa baada ya udanganyifu wa mtu mmoja, barua ikatakiwa na mkuu ambaye ameshastaafu, na nakala mbili zikawa tatu kwa sababu kabati lilihamishwa ofisi nyengine. Kila hatua ilikuwa na sababu yake siku ilipowekwa. Sababu ikaondoka, hatua ikabaki, na anayeibeba ni mwananchi.

Idadi ya wanaoibeba nayo imeongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 hapa Zanzibar, na Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya watu laki tano, na kila mmoja wao atahitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, nafasi ya skuli, na siku moja hati ya kifo. Hatutaweza kuongeza madirisha na makarani kwa kasi hiyo. Tunachoweza ni kuitazama njia yenyewe anayopita mtu, na kuuliza kila kituo kinafanya kazi gani.

Ndugu Mwenyekiti, utaratibu wa kuichora njia hiyo unajulikana. Mwaka 1984, Lynn Shostack, mama wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi katika benki, aliandika makala katika jarida la Harvard Business Review akieleza namna ya kuichora huduma kama fundi anavyochora nyumba. Mfano aliouchagua ulikuwa mnyenyekevu kabisa, yaani kazi ya mpiga rangi viatu wa pembeni mwa njia. Alichora hatua moja baada ya nyengine, akaandika muda wa kila hatua, akaonyesha pahala ambapo kosa linaweza kutokea, kwa mfano kupaka rangi isiyo ya kiatu kile. Kisha akapiga mstari. Juu ya mstari ni yale mteja anayoyaona, na chini yake ni yale asiyoyaona, kama vile kununua rangi na vitambaa.

Mstari ule tunao katika kila ofisi yetu. Mwananchi huliona dirisha, humuona karani, na husikia maneno mawili maarufu: "Njoo kesho." Haoni kwamba jalada lake limo katika masjala ya jengo jengine, wala kwamba ofisa mwenye mamlaka ya kutia saini ni mmoja tu na yumo semina kwa siku nne. Tumezoea kumlaumu karani wa dirishani, na wako wanaostahili kulaumiwa. Hata hivyo, mara nyingi "njoo kesho" husemwa na karani lakini husababishwa na njia mbovu iliyo chini ya mstari, na kumpa karani huyo mafunzo ya ukarimu hakutalileta jalada mezani. Kwa hivyo sheria ya mwaka 2018 iliyoviweka vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho chini ya Wakala mmoja wa Usajili wa Matukio ya Kijamii naihesabu kuwa ni kazi ya usanifu, ingawa haikuitwa hivyo. Ilishughulikia upande usioonekana.

Sasa niingie katika mfano ambao ningependa tuutafakari kwa undani, nao ni Pensheni Jamii.

Ilipoanza mwaka 2016, Zanzibar ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki kumlipa kila mzee pensheni ya namna hiyo kwa fedha za Serikali yenyewe. Malipo ya awali yalikuwa Sh 20,000 kwa mwezi, na kiwango kikaongezwa baadaye. Sharti kubwa ni umri wa miaka 70 pamoja na ukaazi. Hakuulizwa mtu kama ni tajiri au masikini, wala kama alipata kuajiriwa. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kwa upande wa usanifu pia, maana kila swali linaloondolewa katika fomu huondoa na uthibitisho wake, na barua ya kuuleta uthibitisho huo, na safari ya kuifuata barua. Lau kama tungechagua kuwalipa masikini peke yao, tungelazimika kupima umasikini wa kila nyumba, na kazi hiyo ingekula fedha, muda na masikilizano ya majirani.

Lakini lilibaki swali moja, nalo ni zito: una umri gani?

Mtu aliyetimiza miaka 70 mwaka 2016 alizaliwa mwaka 1946 au kabla ya hapo. Wazee wengi wa umri huo walizaliwa nyumbani kwa mikono ya wakunga wa kienyeji, na vyeti vya kuzaliwa hawana. Tuchukue mfano wa bibi mmoja wa Kojani. Mfano huu nautunga, lakini hakuna sheha wa Pemba atakayeuona mgeni. Bibi huyu hajui kusoma. Ili athibitishe umri wake, anavuka kwa mashua hadi ng'ambo, anapanda gari hadi Wete, anaambiwa alete barua ya sheha, anarudi Kojani, anamkosa sheha kwa kuwa yuko mazikoni, anaipata barua siku ya tatu, anavuka tena, na huko anaambiwa kwamba jina lililomo katika barua halilingani na lililomo katika kitambulisho, kwani barua imeandika jina la babu na kitambulisho kimeandika jina la ukoo. Tukadirie kwamba kila safari inamtoka Sh 5,000, za kwake na za mjukuu anayemshika mkono. Safari nne zimeimaliza pensheni yake ya mwezi wa kwanza kabla hajaipokea. Na mzee wa miaka hiyo hana miezi mingi ya kupoteza. Tukimcheleweshea barabara tutamlipa watoto wake kwa kuijenga baadaye. Pensheni ya mzee aliyekwisha kuzikwa hana wa kulipwa.

Ofisa aliyekaa mezani Mjini angelitatua vipi jambo hili? Pengine angeongeza kiapo cha mahakamani, jambo ambalo ni safari ya tano. Lakini tukiwakalisha wazee wenyewe na kuwauliza wao kwa wao hupimana vipi umri, jibu wanalo tangu zamani. Mzee hasemi amezaliwa mwaka gani. Husema alikuwa na umri gani wakati jambo fulani lilipotokea. Makarani wa sensa wanaijua njia hiyo, ndiyo maana huchukua orodha ya matukio wanapokwenda kuhesabu watu. Hapa Unguja mzee atakutajia Jubilei ya Sultani Khalifa ya mwaka 1936, mgomo mkuu wa mwaka 1948, Vita vya Ng'ombe vya Kiembesamaki vya mwaka 1951, ghasia za Juni 1961, na Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Aliyekuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, wa miaka kumi hivi, siku ya Vita vya Ng'ombe alizaliwa karibu na mwaka 1941. Kwa wanaofikia miaka 70 hivi sasa tukio linalofaa zaidi ni kutangazwa kwa elimu bila ya malipo Septemba 23, 1964, kwa sababu kila mmoja anakumbuka kama wakati ule alikuwa tayari skuli, au ndio kwanza alipelekwa, au alikuwa bado mdogo.

Tazameni sasa jambo ambalo ofisa peke yake asingelijua. Orodha niliyoitaja imejaa matukio ya Unguja. Vita vya Ng'ombe havimsaidii kitu bibi wa Kojani, ambaye huenda alivisikia baada ya miezi. Yeye ana mwaka uliochimbwa kisima cha kijiji chao, mwaka wa upepo ulioangusha mikarafuu, mwaka ilipozama mashua fulani na waliokuwemo. Orodha ya Kojani haiwezi kutungwa Wete, sembuse Vuga. Hutungwa Kojani, na wazee wa Kojani, kwa mchana mmoja, na wenyewe hubishana hadi wakakubaliana. Baada ya hapo sheha anayo karatasi itakayowafaa wazee wote wa shehia yake, na ofisa wa wilaya anacho kipimo kimoja badala ya barua mia zenye maneno mia. Hata mdanganyifu hubanwa zaidi, kwa sababu ni rahisi kununua kiapo kuliko kuwadanganya watu uliocheza nao utotoni.

Hivyo ndivyo ninavyoelewa usanifu wa pamoja. Sio kumuuliza mwananchi kama ameridhika. Ni kutambua kwamba sehemu ya maarifa yanayohitajika ili huduma ifanye kazi anayo yeye, na hayamo katika majalada yetu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Tofauti yetu na wahenga ni kwamba wetu wako hai na wanaweza kuulizwa.

Fikra hii ilipata nguvu katika nchi za Skandinavia, na ilianzia viwandani kabla ya kufika maofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa kompyuta wa Norway, Kristen Nygaard, alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma na madini ili wafanyakazi wazielewe kompyuta zilizokuwa zikiingizwa viwandani na wawe na kauli juu ya namna zitakavyotumika. Mwaka 1975 yakafikiwa makubaliano ya nchi nzima kati ya wafanyakazi na waajiri juu ya jambo hilo. Nalitaja hili kwa sababu moja: tangu mwanzo suala lilikuwa ni la haki, na ustadi ulikuja nyuma yake. Anayeishi na chombo awe na sauti chombo kinapoundwa.

Hapa kwetu mfano ulio karibu ni wa Wizara ya Afya. Kuanzia mwaka 2011, katika mradi wa kuwasaidia akina mama kujifungua salama uliofanywa pamoja na shirika la D-tree, watu wa kujitolea wa vijijini walipewa simu zenye programu ya kuwaongoza wanapomtembelea mja mzito. Zamani tungesema kwamba mama hajifungulii hospitali kwa sababu hana elimu, kisha tungechapisha bango. Waliofika majumbani walikuta kikwazo chengine kabisa: uchungu huanza usiku, gari hakuna, na likipatikana dereva anataka fedha mkononi. Kwa hivyo mpango ukaingiza mambo ambayo hakuna daktari angeyaita tiba, kama vile kuchagua mapema kituo cha kujifungulia, kuweka akiba ya nauli, kumjua dereva wa jirani, na kulipa nauli kwa njia ya simu pale inapokosekana. Gari la usiku likawa sehemu ya huduma ya hospitali. Mwaka 2019 mafunzo hayo yakaingizwa katika mpango wa Jamii ni Afya, ambao kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeenea katika wilaya zote 11, ukiwa na watu wa kujitolea zaidi ya elfu mbili wanaofuatilia afya za akina mama na watoto nyumba hadi nyumba.

Ndugu Masheha na watumishi wenzangu, sasa niseme machache juu ya namna ya kuwaita watu, kwani hapo ndipo nia njema nyingi hupotea.

Mkutano ukiitwa Paje, Bwejuu au Jambiani wakati wa bamvua, saa za maji kutoka, watakaokuja ni wanaume. Akina mama wamo baharini kwenye mwani, kazi iliyoanza pwani hiyo mwaka 1989 na ambayo wengi wa wanaoifanya ni wanawake. Kumbukumbu zitaandika kwamba wananchi walishirikishwa, na kumbe nusu yao walikuwa ndani ya maji yaliyowafika magotini. Mikutano ya huko ipangwe kwa kalenda ya maji, wakati wa maji mafu. Vivyo hivyo Pemba, msimu wa karafuu sio wakati wa kumtoa mtu shambani ili aje kuitazama fomu.

Lipo jengine, na masheha wasinielewe vibaya. Sheha huteuliwa na Serikali, na mwananchi analijua hilo. Ikiwa hatua inayozungumzwa ni barua ya sheha, na sheha mwenyewe ameketi mbele pamoja na ofisa wa wilaya, hakuna atakayesema barua inachelewa. Watasema kila kitu kiko sawa, watakunywa soda na kuondoka. Katika mazungumzo ya namna hiyo sheha asikilizwe peke yake, kwa heshima yake na kwa sababu naye anayo malalamiko ya haki, maana ndiye anayegongewa mlango usiku kwa barua zinazodaiwa na ofisi ambazo hazikumuuliza kama zinahitajika. Wananchi nao wasikilizwe peke yao. Kisha pande zote zikae pamoja juu ya karatasi moja.

Pia tutenganishe kushauri na kusanifu. Imekuwa desturi kuleta fomu iliyokwisha chapwa nakala elfu kumi, kuwasomea watu, na kuuliza "kuna swali?" Huko ni kutangaza, na kutangaza kuna wakati wake. Lakini mtu akishirikishwa baada ya wino kukauka, hujifunza kwamba wito wa Serikali hauna maana, na mwaka unaofuata haji. Afadhali fomu iandikwe kwa mkono nakala moja, ipelekwe kwa watu watano, wakabidhiwe kalamu, na tutazame wanapokwama. Watano wanatosha kuonyesha makosa makubwa. Na gharama yake, tuseme kweli, ni ndogo kuliko ya semina moja ya siku mbili.

Siyo kila kitu kiwekwe mikononi mwa mkutano. Sharti la miaka 70 limewekwa na sera, na wanakijiji hawawezi kulishusha kuwa 60. Siri za mgonjwa hazijadiliwi barazani. Ni wajibu wetu kusema mwanzoni lipi linaweza kubadilika na lipi haliwezi, ili mtu asijadili siku nzima jambo lililokwisha kuamuliwa. Naona kwamba watu wetu hukubali mipaka wakielezwa, na hukasirika wakiigundua wenyewe.

Kuhusu kompyuta na simu nitapita haraka. Fomu yenye maswali 40 yasiyo na maana, ikihamishiwa kwenye simu, hubaki na maswali 40 yasiyo na maana, ila sasa na betri inakwisha. Njia isafishwe kwanza, kisha ndipo chombo kichaguliwe. Na pale ambapo mzee hana simu, dirisha libaki wazi.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu kwa wakuu wa vitengo ni dogo. Kabla ya kila kitengo kuagiza fomu zake mpya kiwandani, kichague huduma moja tu, ile inayoleta watu wengi zaidi dirishani. Ofisa mmoja wa ngazi ya juu, asiyejulikana katika kijiji kile, afuatane na mwananchi mmoja tangu anapotoka mlangoni kwake hadi anapopata anachokitafuta, akiandika saa, nauli na kila alipoambiwa arudi. Karani wa dirishani na karani wa masjala wawepo njia hiyo itakapochorwa, kwani wao wanajua jalada hukwama wapi na mara nyingi hawaulizwi. Mchoro ubandikwe ukutani pahala ambapo mwananchi ataweza kuuona, na pembeni yake iandikwe hatua gani imefutwa na kwa tarehe gani. Ikiwa hakuna hatua iliyofutwa, hilo nalo liandikwe.

Masheha wanaotaka kuanza na orodha za matukio za shehia zao waanze sasa, kwani wazee wanaoyakumbuka hayo wanapungua kila mwaka. Karatasi na kalamu zinatosha.